Mbuzi Mweupe Mwenye Masikio Meusi

Mama hakuomba kiti. Asubuhi ile, tulipokuwa tukipakia mbuzi wa mahari ya mwanangu pale Kanamkemer, alisimama nyuma ya lori akiwa na shuka begani, akaniambia kwa Kiturkana kwamba atasafiri huko huko pamoja nao mpaka Kakuma.

"Wananijua," alisema. "Wakinisikia hawatakanyagana."

Alikuwa amejiandaa. Alimwaga mchanga wa laga, ule mto wetu mkavu, kwenye sakafu ya lori ili kwato zisiteleze. Alimkataa beberu ambaye jirani alitaka twende naye, kwa sababu mgeni angezusha ugomvi njiani. Na tangu alfajiri alikuwa akiwazungukia, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wake unaotaja rangi zao, mmoja mmoja. Niliyaona hayo yote na nikayasifu moyoni. Kilichonishinda ni picha moja tu: wakwe zetu wamejipanga mbele ya boma lao, na nyanya wa bwana harusi anateremka kutoka katikati ya mbuzi, magoti yamejaa samadi.

Mimi ni mtu wa chuo na ofisi yenye feni. Nilimshika mama mkono, nikamwambia, kwa upole niliodhani ni heshima, kwamba mtu wa umri wake hasafirishwi kama mifugo.

Dereva alikuwa Msomali aliyehamia kwetu si zamani. Kiturkana chake kiliishia kwenye salamu ya "ejok". Hata hivyo alielewa tulichokuwa tukibishania, akanigeukia akicheka.

"Mama, wacha nyanya apande nyuma. Hawa watu wake wakiwa na mwalimu, mimi naendesha na raha."

"Atakaa mbele," nilisema.

Akakaa mbele, katikati yetu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

Tulipoanza kupita matuta, vilio vilianza nyuma. Mama aligeuza shingo, akasikiliza, kisha hakuirudisha tena.

"Mwambie asimame," aliniambia. "Anayelia ni yule mweupe mwenye masikio meusi. Ameanguka."

"Nyanya anasemaje?" dereva aliuliza.

Nilitazama saa. Niliwawazia wakwe wakitusubiri juani.

"Anasema kuna joto," nilijibu.

Dereva akamshushia kioo, kwa adabu kabisa. Upepo wa moto ukaingia, na vilio vikaingia pamoja nao. Mama alinitazama. Hakujua Kiswahili kingi, lakini aliona kioo kikishuka na lori likiendelea, akageukia tena nyuma.

Ni dereva aliyesimama mwenyewe, mahali ambapo barabara imeliwa na laga, alipozisikia mbao za ubavuni zikipigwa mateke. Tulipofungua, mbuzi mweupe alikuwa chini ya wenzake, mguu wa mbele umepinda, ulimi nje. Mama hakumsubiri mtu. Alipanda, akaanza kuimba. Walichukua muda, lakini walitulia. Mmoja baada ya mwingine wakamwachia nafasi, mpaka akamfikia aliyeanguka na kukipakata kichwa chake. Hakushuka tena.

Tuliporudi mbele, dereva aliushika usukani bila kuwasha gari.

"Kumbe alikuwa anasema tusimame?"

Nilijifunga mkanda. Aliendesha polepole mpaka Kakuma.

Mama aliteremka vilevile nilivyoogopa, samadi magotini na manyoya kwenye shanga. Wanawake wa upande ule walimpokea kwa shangwe, na sikuona hata mmoja aliyeyatazama magoti yake. Walichotazama ni mbuzi, wakiingia bomani kwa miguu yao, watulivu. Kisha akaja yule mweupe, akichechemea, na shangwe ikapungua. Baba wa bibi harusi akainama, akaushika mguu.

"Na huyu?"

"Huyo si wa kwenu," mama alisema. "Ni wangu, amenisindikiza. Wa kwenu yuko nyumbani, atakuja."

Mzee akatabasamu, akauachia mguu. "Nani amewaleta vizuri hivi?"

"Binti yangu," mama alijibu. "Hakutaka hata mmoja aumie."

Wakanipigia vigelegele. Nilisimama pale katika gauni langu safi, nikavipokea.

Wakati wa kurudi, mama alipanda nyuma na mbuzi wake bila kuuliza. Dereva alinifungulia mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma, nikapanda nami, nikakaa mchangani upande wa pili wa mbuzi. Nilitaka kusema kitu. Nilipofungua kinywa tu, mbuzi alishtuka, akajisukuma kwa miguu yake mizima hadi mapajani mwa mama.

"Nyamaza kwanza," mama alisema, bila ukali. "Hakujui."