Mkono wa Adhiambo

Siku hizi watu wetu wa Alby, huku Uswidi, hawajui hata kumkatalia mtu. Zamani, mwenye shauri alipewa kigoda, akasikilizwa, kisha akaambiwa hapana usoni. Adhiambo, mfagiaji wa shule kule Vårby gård, alipewa kicheko.

Chama chetu cha kuzikana kilikuwa na kanuni: kila nyumba mkono mmoja wa kura, na mkono ni wa baba. Mumewe Josiah Owuor alipofariki, wanaume tulipiga kura azikwe hukuhuku. Mjaluo, mbali na boma lake. Adhiambo alikuwa jikoni akitukaangia samaki. Uamuzi aliletewa pamoja na sahani chafu.

Tangu hapo, kila mkutano alisimama, kitambaa kichwani, akaomba kwa adabu wanawake nao wapewe mkono.

"Shemeji," mwenyekiti Mugambi alikuwa akimjibu, "chapati zimeiva? Tuzipigie kura hizo kwanza."

Watu walicheka, wake zetu wakiwamo.

Miaka ikapita hivyo, mpaka adabu ikamwisha. Februari moja alisimama nje ya ukumbi na shoga yake Wilkister, mawe yamo katika mkoba wa kanisani wa Wilkister, akavunja madirisha yote ya upande wa meza kuu. Tulikaa na makoti, ugali ukaganda sahanini. Ndipo Mugambi alipomwuliza, "Unataka nini, Mama Owuor?"

"Niliposema kwa mdomo uliomba chapati."

Mkutano uliofuata wanawake wakapewa mikono. Si kwa haki. Kwa kuogopa baridi. Walikuja wamevaa kama wa harusi, wakaketi mbele. Shauri la kwanza lilikuwa kumfukuza chamani aliyevunja madirisha.

"Na mimi napiga?" Adhiambo akauliza.

"Kesi ni yako, shemeji. Wewe tazama tu."

Wilkister ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. "Tumeshaheshimiwa, dada," alisema akitazama viatu vyake. "Usituaibishe tena." Mikono yenye bangili ikafuata.

Asiye mwanachama maiti yake hairudishwi nyumbani. Kila mtu alilijua hilo.

"Usihuzunike," Mugambi alisema. "Utalala na Josiah."

Walicheka, wanawake kuliko wanaume. Adhiambo akaenda jikoni, akamwaga mchuzi kwenye sinki, akachukua sufuria yake na kutoka. Hakuna aliyemfuata hata hadi mlangoni. Zamani hata mchawi alisindikizwa.