Makofi kwa Kiingereza cha Mwalimu Onema

Mwalimu Onema wa Alunguli alifundisha Kiingereza miaka nane bila kuonana na Mwingereza hata mumoja. Dosia yake ya kuajiriwa na serikali ilikuwa inangoja sahihi moja tu, ya Citoyen Mbaraka, mukubwa wa Chama katika kartie, mtaa wetu. Bila sahihi ile, angerudi kwao Lokandu kuvua samaki.

Juma lile aliandika kwa ubao: "We have a party," maana yake tuko na chama. Akawaeleza wanafunzi: "Ni kama Kifaransa. 'A' njo 'un', kimoja chochote kati ya vingi. 'The' njo 'le', kile ambacho sisi wote tunakijua."

Kabla ya saa sita maneno yalikuwa yamefika kwa Mbaraka. Chama chochote? Kati ya vingi?

Kwetu mambo ya Chama hayaamuliwi kwa kura, yanaamuliwa kwa makofi. Siku ya salongo, kazi ya lazima ya wote, watu walipomaliza kufyeka majani ya barabara, Mbaraka alipanda juu ya kiti, koti yake ya abakosti imefungwa mpaka kooni.

"Citoyen Onema, vyama katika Zaire iko ngapi?"

"Kimoja, Mukubwa."

"Na wewe ukakiandika na 'a'?"

"Mukubwa, Kiingereza njo kinataka vile, mara ya kwanza ya kutaja kitu..."

"Kiingereza iko na kadi ya Chama?"

Watu walicheka. Mama mumoja mwenye jembe akapaza sauti: "Mwalimu, kubali basi, jua ni kali!"

"Wanaotaka 'a'?" Mbaraka akauliza.

Hakuna aliyepiga kofi.

"Wanaotaka 'the'?"

Makofi yakalia, ngoma ikaingia, akina mama wa animasyo, wachezaji wa Chama, wakaanza kutikisa viuno. 'A' ilifukuzwa Alunguli bila mutu wa kuitetea. Mbaraka alifurahi sana, akatia sahihi dosia palepale, karatasi juu ya mugongo wa katibu wake.

Nyumbani Mauwa, muke wa Onema, aliisoma karatasi mara mbili.

"Baba, na wewe ulipiga makofi?"

"Nilianza mimi."

"Na ulijua kama ni uongo?"

"Njo maana nilipiga kwa nguvu."

Onema akavuta madaftari ya wanafunzi. La kwanza lilisema mutoto ameona 'the' mbuzi, amekula 'the' ndizi, iko na 'the' ndugu saba. Mwalimu aliandika kumi juu ya kumi, akafungua la pili.