Timu Inayofungwa Kila Siku

Mimi kazi yangu ni kufungwa. Nasema mapema ili tusizungushane. Ipo timu ya mpira wa kikapu inayozunguka Amerika mji kwa mji, ikichanganya mpira na vichekesho. Watu huja na watoto wao kuwatazama wachezaji wake wakizungusha mpira kwenye kidole, wakimkimbiza refa, wakiwamwagia watazamaji ndoo ya vipande vya karatasi. Sasa timu haiwezi kucheza peke yake. Lazima wawepo wa kufungwa, na hao ndio sisi. Tunasafiri nao, tunakula nao, na kila tukiingia uwanjani tunafungwa.

Mtu akiniambia hiyo ni kazi rahisi napandwa na hasira. Kuna dakika za mpira wa kweli, tunakimbia jasho likitutoka, halafu kuna dakika za maigizo, ambapo unasimama kama hukuona kitu huku mtu anakupitishia mpira katikati ya miguu. Ukimzuia, umeharibu kichekesho kizima. Kuanguka bila kuumia peke yake nilijifunza kwa miezi.

Mama yangu, kule Tabora, hakuyajua hayo. Nilipopata kazi nilimpigia simu nikamwambia nachezea timu kubwa. Akauliza, "Mnashinda?" Nikajibu, "Tunashinda, mama." Niliona aibu, basi, mtu mzima mwenye urefu wa mlango. Tangu hapo kila baada ya mechi aliuliza, nami nikajibu vilevile, miaka minne.

Mwaka huu mke wangu alijifungua, mama akaja kwetu Alexandria, Virginia, kumlea mzazi na mjukuu. Mke wangu ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, kwa hiyo wale wawili ni watani, na habari za mkwe kumwonea haya mkwewe ziliishia palepale uwanja wa ndege. Mama anamwambia, "Mzaramo mvivu wewe, hata uji unauunguza." Naye anajibu, "Kula tu, mama, mpagazi hachagui." Siku moja mke wangu alivikamata viatu vya mama, na mama akavikomboa kwa sufuria ya maharage. Ndivyo utani ulivyo: mtani akishika chako unakikomboa, na kukasirika ni mwiko.

Jumapili moja, kwenye ibada ya Kiswahili kule Temple Hills, mama alisimama na wageni wenzake kujitambulisha. Akatoa salamu za kwaya yake ya Tabora, kisha akasema mwanawe anachezea timu isiyojua kufungwa. Nusu ya watu wale wamewahi kuniona nikimwagiwa ndoo. Wakasema amina huku wakitazama viatu vyao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki iliyofuata timu ilifika mji wa jirani, ng'ambo ya mto, onyesho la Jumamosi mchana. Nikamwambia mama tiketi zimekwisha. Mke wangu, mtoto akiwa kifuani, akasema, "Mimi ninazo mbili." Nilimkasirikia nikatoka bila kuaga. Hata hivyo haki ilikuwa yake. Alishanisihi mara nyingi nimwambie mama ukweli, nami kila siku nilisema kesho.

Uwanjani niliwaona mstari wa pili, mama na kilemba chake, mjukuu amezibwa masikio. Kila tulipofungwa nilimwona akisogea mbele kwenye kiti. Robo ya tatu, mchekeshaji wao mkuu alininyemelea kwa nyuma akanishusha bukta mpaka magotini. Ndani tunavaa nyingine ndefu ya maua, ni sehemu ya maigizo, lakini mama angejuaje? Watu wakaangua kicheko. Kazi yangu hapo ni kuzunguka kama niliyechanganyikiwa. Nikazunguka, na nilipoinua macho, mama alikuwa ameshaingia uwanjani.

Alimpita mlinzi kama anampita muuza nyanya. Akauokota mpira, akauweka mgongoni, akaufunga kwa kitenge kama anavyombeba mtoto.

"Mmemshika mwanangu," akamwambia mchekeshaji kwa Kiswahili, "na mimi nimeshika mpira. Nikomboeni."

Masikini, alidhani amempata mtani, na yule bwana hata Tabora iko upande gani hajui. "Mwambie!" mama akaniamuru. Nikatafsiri, bukta nimeishika mkononi. Mchekeshaji alinitazama, anataka kujua kama hizi ni dakika za kweli au za maigizo. Kisha akapiga magoti, akavua kitambaa chake cha kichwani, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akakinusa, akakunja uso, watu wakavunjika mbavu. Ndipo akaufungua mpira.

Mechi ikaendelea, tukafungwa.

Kwenye gari, kabla hatujavuka mto kurudi Virginia, mama akasema, "Leo mmefungwa."

"Ndiyo, mama."

"Mmeshawahi kuwafunga wale?"

Mke wangu alinitazama. Nikasema, "Hata siku moja. Ndiyo kazi yenyewe."

Kwa kujitetea nikaanza kumsimulia niliyoyasikia kwa dereva wetu wa basi, mzee wa siku nyingi: kwamba timu ile ilianza zamani, wakati watu weusi hawakuruhusiwa kwenye ligi kubwa. Walizunguka kwa gari bovu, hoteli zinawakataa, wanalala humohumo. Wakifika mji wa wazungu wanawafunga vijana wa hapo, kisha wanawachekesha, ili watu warudi kwao wakicheka na wao waondoke salama.

"Kama babu zetu walivyopita Uzaramo na mizigo," mama akasema. "Ugenini mchekeshe mwenyeji, utalala salama. Walikuwa na akili."

Akatoa simu, akairekodia kwaya ujumbe. "Wanakwaya, nimemwona. Wanamvua bukta mbele za watu, na hajashinda hata siku moja. Wazaramo mliomo humo nawapa ruhusa, chekeni." Akautuma, akaiweka simu mkobani. Nikashusha pumzi.

"Usishushe pumzi," akasema. "Ya kufungwa nimeyamaliza. Uongo si utani. Mtani anakutukana usoni. Wewe ulinificha." Sauti yake haikupanda. "Unajua kila siku ya mechi nilikuwa sili? Tangu alfajiri mpaka unipigie simu. Namwomba Mungu mshinde."

Miaka minne. Barabara ikanipotea machoni, nikasimamisha gari pembeni na kuwasha taa za tahadhari. Nililia, sifichi. Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akamfuta mjukuu wake mate.

"Mechi nyingine lini?"

"Alhamisi, mama."

"Basi Alhamisi nitakula."