Baridi ya Wakesho

Wakesho aliuza matikiti maji Miasenyi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako saa sita mchana hata mbuzi hutafuta kivuli cha lori. Mwaka huo aliuza akiwa amevaa sweta.

Mumewe, Danson, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mtoto wao wa pekee, Daisy, alikuwa Doha akifanya kazi za nyumbani. Baada ya mazishi Wakesho alikaa miezi asitake kula wala kuonana na mtu, mpaka dada yake akatoka Rukanga akampeleka kwa daktari Voi. Akapewa dawa ya huzuni. Ilisaidia nusu, basi daktari akaongeza nyingine, lithiamu, akamwambia awe anarudi kupimwa damu kila baada ya miezi michache. Alirudi mara moja tu. Dada yake alikuwa amerudi kwake Rukanga, na kukaa kwenye foleni peke yake kulimchosha hata kabla hajatoka nyumbani. Akawa ananunua dawa kwa karatasi ileile ya zamani aliyoandikiwa na daktari.

Baridi ilianzia mikononi. Kisha nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, uso ukavimba, na kupanga matikiti mezani kukawa kazi ya asubuhi nzima. Wateja walimuuliza bei akakawia kujibu, wakaenda zao. Nzomo, aliyeuza vitunguu meza ya pili, aliwaambia watu kwamba mama huyo ameanza pombe. Wakesho alisikia na hakujitetea. Yeye mwenyewe alidhani ni huzuni imerudi.

Jumapili moja Daisy alipiga simu. Sauti iliyompokea ilikuwa nzito, asiyoijua.

"Samahani, naomba kuongea na mama."

"Ni mimi, Daisy."

Daisy alilia, na simu ikakatika kabla hawajaelewana. Wakesho alibaki ameishika mkononi. Mtoto wa kumzaa mwenyewe hakumjua.

Kesho yake alikwenda Voi kununua dawa. Muuzaji wa siku hiyo alikuwa mgeni kwake, msichana wa Kiislamu aitwaye Saadiya. Alitazama tarehe ya karatasi, kisha akatazama sweta.

"Mama, una homa?"

"Sina. Nasikia baridi tu."

"Baridi, Voi hii? Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na damu, mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Wakesho hakukumbuka. Saadiya akamvutia kiti, akamweleza kwamba lithiamu huweza kuidhoofisha tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni kwa mbele. Tezi hiyo ikizembea, mwili hupoa, sauti hubadilika, na moyo huzama hata mtu akadhani ni huzuni ileile.

"Usiache dawa kwa hofu," alisema. "Lakini nenda kwa daktari leo hii, usingoje kesho."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu kumuuliza hali yake na kusubiri jibu.

Alikwenda, na kipimo cha damu kikathibitisha kwamba tezi ilikuwa imelegea. Daktari hakuweza kuapa kwamba ni lithiamu. Wanawake wengi wa umri wake hupata ugonjwa huo bila dawa yoyote. Hakumwachisha dawa za huzuni. Alimwongezea kidonge kidogo cha tezi, cha kumeza asubuhi kabla ya chai, akamwandikia tarehe za kurudi.

Mabadiliko yalikuja polepole, wiki baada ya wiki. Vidole vilipata joto, maneno yakaanza kutoka kwa wakati wake. Huzuni haikuisha yote. Iliyobaki ilikuwa ya Danson, na hiyo aliizoea.

Tarehe ya kupimwa ilipofika, alimwomba Nzomo amwangalizie meza. Nzomo alikubali bila kumtazama usoni, na hakuuliza anakwenda wapi. Kliniki ilijaa watu waliosindikizwa na jamaa zao. Wakesho alikaa mwisho wa benchi, mkoba magotini, na jina lake lilipoitwa akainuka akaingia.