Kromosomu Moja ya Dada

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, lakini nilipofika darasa la saba, nguo zilizonibana ndizo alizovaa yeye. Hapo mtaani kwetu Migosi wageni walidhani mimi ndiye mkubwa. Dada alikuwa hajavunja ungo. Shangazi, dada yake Baba, alikuja kutoka Luanda Kotieno akasema mbele yetu sote kwamba Mama alivunja mwiko akiwa na mimba. Baba hakumkanya.

Hatimaye damu ya Dada ilipelekwa Nairobi, kisha daktari mmoja akatuita sote. Alituonyesha picha ya vijiti vyeusi vilivyokatwa na kubandikwa viwili viwili, vikapangwa kwa makundi kuanzia virefu hadi vifupi.

"Hizi ni kromosomu," alisema. "Mtu huwa na arobaini na sita. Huyu ana arobaini na tano. Katika kundi hili imekosekana moja, ile ya kike. Ndiyo maana hakurefuka. Na kuzaa itakuwa shida."

"Imepotelea kwa nani?" Baba aliuliza.

"Ni bahati tu, Mzee. Hakuna aliyekosea."

"Si umesema ya kike? Basi ni ya mama yake."

Daktari alieleza kwamba hata baba hutoa ya kike anapozaa binti. Baba alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake.

Mama aliuliza kama kuna dawa.

"Mngemleta akiwa mdogo, tungejaribu."

"Nilimleta kliniki akiwa mdogo," Mama alisema. "Mkaniambia nimpe uji."

Daktari akarudisha picha kwenye bahasha. Dada hakuulizwa neno. Tulipotoka nje alinishika mkono. "Kwa hivyo mimi ni msichana ama siyo?"

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kukua ni kuongezeka ukubwa kusikorudi nyuma. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa alama zote. Dada sikumjibu.

Mwaka uliofuata Baba alioa mke wa pili. Alisema anataka watoto wazima.

Tulimzika Mama miaka ya tisini. Dada alikuwa mtu mzima, anashona nguo na kujilisha mwenyewe, na sanda ya Mama aliishona yeye. Shangazi ndiye aliyepanga watu chini ya hema. Alimshika Dada bega mbele ya waombolezaji.

"Wewe nenda kaa kule na watoto."

Baba alisikia. Dada akaenda, akakaa.