Mtetemo Nilioisingizia Kemshafti

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Ilikuwa kiangazi, pale njiapanda ya Lusahunga, miaka ile ya wakimbizi. Barabara ya Rusumo haikupumzika. Malori yalipita kutwa nzima yakipeleka unga, maharage na mahema upande wa Ngara, na kila lori lililokohoa lilisimama kwetu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mabawe, fundi wa injini, na nilikuwa nimekwisha kujiita fundi mkuu kabla mtu mwingine hajaniita hivyo. Nicheke ukitaka. Mimi mwenyewe sicheki sana, kwa sababu ya yaliyofuata.

Nilikuwa nimemaliza kufunga injini ya petroli ya lori la tajiri mmoja wa Biharamulo. Ilikuja ikiwa imekufa kabisa. Niliifungua yote, nikabadili pistoni na ringi, nikasaga valvu, nikairudisha. Kemshafti yake, yaani kile chuma chenye vifundo kinachofungua na kufunga valvu, ilikuwa imelika. Tajiri akaleta nyingine kutoka Mwanza, iliyochongwa kwa ajili ya magari ya mashindano, ili lori lake lipande milima ya Ngara bila kubembelezwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Muuzaji alimwambia, naye akaniambia, kwamba injini yenye kemshafti kali namna ile hutetemeka kidogo inaponguruma bila kukanyagwa mafuta. Neno hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililonipoteza.

Nilipowasha, injini ilitetemeka mpaka kikombe changu cha chai kikaanguka kutoka juu ya bampa. Sasa sikiliza. Injini iliyofungwa upya, ukishaipasha moto, unaizima, unafungua kifuniko cha juu na kupima tena nafasi ya tapeti, ule upenyo mdogo unaoachwa juu ya valvu ili ifunge sawasawa, kwa kuwa valvu zilizosagwa hujikalia na nafasi ile hupungua. Ndivyo nilivyofundishwa, na ni kazi ya saa moja tu. Sikuifanya. Kila aliyeniuliza mtetemo ule ni wa nini nilimjibu, "Ni kemshafti."

Dereva wa lori alikuwa Deusi, mume wa dada yangu Leokadia, mtu mpole, mpiga ngoma wa kwaya. Aliniuliza mara moja tu.

"Shemeji, nikiachia mafuta inataka kuzima. Ni sawa?"

"Ni kemshafti, shemeji. Itazoea."

Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Nilikuwa fundi, tena ndugu yake.

Pale gereji alikuwapo mzee mmoja, Simeoni, mkimbizi kutoka Burundi. Huko kwao alikuwa fundi wa miaka mingi. Kwetu tulimpa kibarua cha kuosha vyuma. Siku hiyo aliacha ndoo yake, akaja akasimama kando ya lori, akainamisha kichwa na kusikiliza kwa muda mrefu.

"Mwana wanje," akasema, ndiyo mwanangu kwa Kirundi, "kemshafti ikiwa kari, injini inatikisika yote, sawasawa. Hii rori inachechemea. Kuna mguu mmoja haufiki chini."

Nikamwambia kazi yake ni kuosha. Hakukasirika. "Kwetu," akasema, "anayekukaribisha pombe anatangulia kuionja mwenyewe, mgeni anaona, ndipo anapewa mrija. Na hapa kwenu nimeona ni hivyo hivyo. Wewe, rori hii umeionja? Panda na shemeji yako mpaka mrima wa kwanza, mrudi. Mkirudi bila kuzimikiwa, mimi nitanyamaza."

Unajua nilimjibu nini? Naona aibu kukuandikia, lakini nitakuandikia. Nilisema, "Mzee, ungekuwa fundi kweli usingekuwa unaosha vyuma vya watu. Mkimbizi hafundishi wenyeji." Wenzangu wawili wakacheka. Bibi yangu mzaa mama alivuka mto Ruvubu akitoka upande uleule wa mzee yule, mwanangu, na Kihangaza changu na Kirundi chake vilielewana bila mkalimani. Bado nilisema. Mzee aliitika "Sawa," akarudi kwenye ndoo.

Wakati huo porini kati yetu na Ngara walikuwamo watu wenye bunduki. Magari yalipita kwa msafara, askari wakitangulia. Deusi aliondoka asubuhi iliyofuata, lori lake likiwa la mwisho mstarini. Katikati ya pori alipunguza mwendo kukwepa shimo, akaachia mafuta, injini ikazima. Ilikuwa ya moto na betri imechoka, haikuwaka tena. Msafara uliendelea bila kumwona. Waliotoka porini walichukua shehena ya unga, wakampiga risasi ya goti, wakaondoka. Aliokotwa na lori lililopita mchana, akafikishwa hospitali, na mguu ukakatwa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Mimi sikusikia, na guu langu likabaki zima. Lililovunjika ni la mwenzangu. Methali hiyo haikunitayarisha kwa jambo hilo.

Lori likavutwa hadi Lusahunga. Watu waliwalaani majambazi, na walistahili kulaaniwa. Tajiri alinishika bega, akaniambia nisijitese, ni mipango ya Mungu. Hakuna aliyeniuliza neno lolote kuhusu injini. Ningeweza kunyamaza mpaka leo, na jina langu la ufundi lingebaki safi.

Mzee Simeoni hakusema, "Nilikuambia." Alikuja na kopo la maji. Injini ilikuwa imepoa, tukaweka betri nyingine, ikawaka. Alisubiri kidogo, akachovya vidole, akadondosha maji kwenye bomba la moshi la silinda ya kwanza. Maji yakachemka chwaa, yakakauka. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa baridi, maji yakateremka taratibu kama jasho.

"Huyu harimi," akasema. "Wenzake wanarima, yeye amekaa."

Nilifungua kifuniko. Kile kibati chembamba cha kupimia nafasi hakikupita kabisa kwenye silinda ya tatu. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imebanwa, haifungi, na ukingo wake ulikuwa umeungua. Nikaweka valvu mpya, nikaseti tapeti zote, nikaipasha moto injini, nikazipima tena. Kisha nikawasha. Ilitikisika kidogo, yote, sawasawa, na haikuzima. Huo ndio mtetemo wa kemshafti, nami nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza.

Nilimwinamia mzee nikasema, "Shikamoo." Tangu aje pale sikuwahi kumwamkia.

"Marahaba," akajibu. Akapangusa mikono. "Injini umeitibu. Sasa uende kwa mwenye mguu. Majambazi wamemwibia unga na mguu. Wewe usimwibie ukweri."

Nilikwenda. Nilikaa nje ya wodi tangu asubuhi mpaka jua likanifuata ukutani, miguu ikikataa kuingia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua, lakini kujua methali si kuwa na ujasiri. Nilipoingia, Leokadia alikuwa akimlisha uji. Nikaeleza yote: kifuniko nisichofungua, mzee niliyemtukana, valvu iliyoungua. Dada yangu akaweka bakuli chini. Deusi alitazama shuka, pale lilipolala bapa.

"Ulijua?" akaniuliza.

Jibu lilikuwapo mdomoni, na lilikuwa la kweli: sikujua. Lingeniokoa. Lakini nilikumbuka uso wa mzee akisikiliza, nami nikikimbilia kumnyamazisha.

"Sikujua, shemeji," nikasema. "Nilikataa kujua."

Alilia, nami nikalia. Hakunisamehe siku hiyo, nisikudanganye. Dada yangu alikaa miaka miwili bila kukanyaga kwangu. Msamaha ulikuja polepole, kwanza salamu, halafu kikapu cha maharage, halafu siku moja Deusi mwenyewe kwa mkongojo wake, akakaa gereji kutwa nzima tukizungumza mambo mengine kabisa. Mzee Simeoni hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kurudishwa kwao pamoja na wenzake, na sijui aliishia wapi. Ninamwombea.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Katika kazi yoyote utakayofanya, iwe ya injini, ya shamba au ya kuongoza watu, utapewa sababu nzuri ya kueleza kinachotetemeka. Huenda ikawa sababu ya kweli kabisa. Ipokee, kisha fungua kifuniko upime hata hivyo. Usimpe mtu kitu ambacho wewe mwenyewe umeogopa kukionja. Msikilize mtu bila kumwuliza kwanza ametoka wapi wala ameshika ndoo ya nini. Na ukikosa, kosa lako likamwangukia mwingine, usingoje kuulizwa; kuna makosa ambayo hakuna atakayekuuliza kamwe, na hayo ndiyo mazito.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mtu wa kukukemea ungali na saa moja mkononi. Na kama saa hiyo itakuwa imekwisha kupita, akupe miguu ya kuingia wodini.