Darubini ya Bwana Saimon

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nalisema mapema asije mtu akanipamba. Hapa Lizaboni wananijua kama Yasinta, askari wa wanyamapori, yule mwenye sauti nzito anayesimamia uwanja wa shabaha chini ya milima ya Matogoro. Wanadhani nilipenda bunduki tangu utotoni. Uongo mtupu. Niliingia kazi hii kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu huyo nilimngoja miaka saba.

Baba yangu, Otto, alikuwa mfuata nyayo kwenye kampuni moja ya uwindaji, porini huko mbele ya Lusewa. Alitazama jani lililokanyagwa akakuambia nyati ni dume, amepita kabla ya umande au baada yake, na mguu gani unamuuma. Akija likizo alikaa na mama yangu, Ludovika, wakichambua maharage mpaka jua linazama, na kaka yangu Selestine akimcheka, naye hakujali. Baba hakuwa na haraka hata ya kula. Kumbukeni hilo.

Bosi wake alikuwa Saimon, mwindaji bingwa, mwenye leseni ya kuongoza wageni. Saimon alikuwa na bunduki nzuri yenye darubini ya kulengea juu yake. Barabara ya kule ni mashimo matupu, kwa hiyo akisafiri aliivua darubini, akaifunga kwenye kisanduku chake, na akifika kambini akairudisha. Ilikaa juu ya bunduki kwa vibano viwili vya chuma unavyovikaza kwa mkono. Aliwaambia watu wote kwamba vibano vile vinarudi palepale vilipokuwa, hata ukivua mara mia.

Siku yenyewe, kijiji kiliomba kampuni imuue nyati dume aliyekuwa akifukuza watu mashambani. Saimon alifika akiwa amechelewa, vumbi mpaka kwenye kope. Akarudisha darubini akiwa ameegemea gari. Baba akamwambia, "Bosi, tupige hata risasi moja kwenye karatasi, tuone inaenda wapi." Saimon akamcheka mbele za watu. "Mzee Otto, wewe soma nyayo. Bunduki niachie mimi." Haya alinihadithia Fransisko, mpishi wa kambi, aliyekuwa anapakia maji kwenye gari lile lile.

Nyati alikuwa hatua themanini, amesimama ubavu. Risasi iliyolengwa begani ikaingia tumboni. Nyati akakimbilia kwenye matete, na Saimon akamwamuru baba atangulie kufuata damu. Hakufika mbali kabla nyati hajamgeukia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wangu ulipogeuka jiwe. Mnajua kwetu mtu hazikwi bila kusomewa wasifu wake: alizaliwa lini, alisoma wapi, kipaimara, ndoa, watoto, na mwisho kifo kilivyomkuta. Wazee wa ukoo waliandika yote, lakini pale pa kifo wakakwama, hawakuwepo. Saimon alikuwepo. Kampuni ilikuwa imeleta jeneza na gari, naye amevaa tai nyeusi, analia vizuri. Wazee wakampa kalamu. Ndiyo, walimpa yeye kalamu! Akaandika kwamba marehemu alimsogelea mnyama kwa haraka, bila kusubiri amri ya kiongozi wake.

Ikasomwa mbele ya kigango kizima, mbele ya padre, mbele ya mama yangu aliyekaa chini ameshika kitambaa. Fransisko alikuwepo akainamisha kichwa, alikuwa na kazi ya kulinda. Kuanzia siku hiyo baba yangu akaitwa Otto wa Haraka. Selestine akichelewa mahali anaambiwa, leo hukurithi mzee wako? Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nikaapa kwamba maneno yale yatafutwa na mdomo ule ule ulioyaleta.

Nikaomba uaskari. Nikatambaa kwenye matope na wanaume, nikajifunza kufungua silaha na kuifunga nimefumba macho. Na hivyo vibano nilivisoma kuliko misale ya kanisani. Vile vizuri hurudi kweli, karibu sana na palepale, lakini kwa masharti. Vifutwe, maana punje ya mchanga chini ya kibano inatosha kuipeleka risasi pembeni. Visukumwe mbele mpaka vigote. Vikazwe kwa nguvu ile ile ya mwanzo. Na hata ukifanya yote hayo, hujui mpaka umepiga karatasi. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumiliki hata manati, alilijua hilo.

Mwaka huu Saimon akaja. Wawindaji wanaohuisha leseni hupimwa shabaha uwanjani kwetu, na silaha zao hulala ghalani siku mbili kabla. Ufunguo wa ghala ninao mimi. Nilipofungua sanduku, bunduki ni ile ile, darubini ile ile. Hakunitambua. Aliniita afande, akaniachia silaha iliyomuua baba yangu, akaenda kunywa soda.

Niliishika bisibisi. Sitaki kuwadanganya, niliishika. Robo mzunguko tu kwenye skrubu moja, na angeaibika mbele ya watu wote. Nilikaa nayo. Lakini nikajiambia, nikifanya hivi nitakuwa nimeandika uongo kwa mkono wangu, kama yeye. Nikairudisha bisibisi kwenye droo, nikafunga droo kwa kishindo, nikatoka.

Siku ya mtihani nilimwendea mkuu wa uwanja, mzee Abdulhamid, Myao wa Tunduru, mtu wa haki.

"Shikamoo, mzee. Naomba huyu bwana apige mara mbili. Apige, avue darubini, airudishe, apige tena. Si anasafiri nayo ikiwa imevuliwa?"

"Marahaba. Hilo ni jambo la maana," akasema. "Wote watapimwa hivyo."

Saimon akapiga risasi tatu kwa hatua mia. Zote zikakaa ndani ya kiganja. Akaivua darubini akitabasamu, akairudisha taratibu, akapiga tatu nyingine. Nilienda kwenye karatasi mwenyewe.

Zilikuwa palepale. Tundu la tano limegusana na la pili.

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka saba, na chuma kilikuwa upande wake. Nikarudi na karatasi mkononi, naye akasema kwa sauti, waombaji wenzake wawili wakisikia, "Si niliwaambia, afande? Hivi vibano havidanganyi."

Wakati huo nikaona kitambaa. Kitambaa cheupe cha pamba, mezani karibu na bunduki, kimekunjwa vizuri, na kina alama mbili nyeusi za mafuta. Alikuwa amefuta vibano kabla ya kurudisha. Nikamuuliza kama mtu asiye na neno, "Umefuta, eeh? Na ukavisukuma mbele. Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha, dada. Ni makosa yanayofundisha," akajibu, kiburi kimemlegeza ulimi. "Kuna mwaka nilirudisha na vumbi lake, sikujaribu, nikampiga nyati tumboni. Tangu siku ile hata nikiwa na haraka vipi, nafuta."

Mzee Abdulhamid akainua kichwa. Mimi nikavua kofia ili anione uso wote, maana wote wanasema nimechukua pua na macho ya baba.

"Nyati wa wapi, Bwana Saimon?"

Akanitazama. Akatazama jina kifuani pangu, Yasinta Otto.

"Wa Lusewa," akasema chini chini. "Yule wa mzee Otto."

"Mimi nimesikia," alisema mzee Abdulhamid, "na hawa wawili wamesikia. Wallahi, ikihitajika nitasema popote."

Nilimjazia fomu yake. Nikaandika amefaulu, kwa sababu alifaulu, nikatia sahihi. Kisha nikaweka mbele yake karatasi tupu na kalamu. Nikamwambia tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, tunamsimikia baba msalaba wa saruji, na wasifu utasomwa upya.

Akaja. Watu walijaa makaburini, wengine wamekaa kwenye ukingo wa makaburi ya jirani. Saimon akasoma kwa sauti ya mgonjwa: kwamba marehemu Otto aliomba bunduki ijaribiwe, kwamba alikataliwa na kuchekwa, kwamba alitangulia kwenye matete kwa amri, na aliyeamuru na aliyekosea kupiga ni msomaji mwenyewe. Selestine alilia waziwazi. Mama alikuwa amekaa chini pale pale alipokaa miaka saba iliyopita.

"Soma tena, baba," mama akamwambia kwa upole. "Walioko nyuma hawajasikia."

Akasoma tena. Mama akasema upande wa barabarani pia kuna watu. Akasoma mara ya tatu, jasho linadondokea karatasi, na padre akawa anatazama saa yake.

Mara ya nne niliomba mimi.